Jiwe Jeusi Jikoni kwa Chihera

Jumamosi, 10 Agosti

Shule tumefunga juzi, na leo asubuhi ukuta wa jiko umepasuka. Ufa umeanzia juu ya mlango ukashuka mpaka chini, na mkono wangu unaingia bila shida. Mama mkwe ameutazama, akaupiga kwa fimbo yake, akasema jiko limezeeka kabla yake. Mume wangu Jairosi akasema basi libomolewe lote, lijengwe la matofali, liwe na dirisha, bomba la moshi na sinki. Nilikuwa nakoroga sadza, ugali wetu. Sikugeuka, lakini mwiko ulinisimama mkononi.

Daftari hili lilibaki nilipowagawia watoto wa darasa langu, la tatu, na kwa mara ya kwanza nina jambo la kuandika humo. Nina miaka kumi na minne katika boma hili na sina jiko. Kupika napika, asubuhi na jioni, lakini si jikoni kwangu. Huku kwetu mama mkwe humpikisha mkamwana jikoni kwake mwaka mmoja au miwili, kisha humkabidhi mafiga matatu, na kuanzia siku hiyo mwanamke ana jiko lake. Wake wa kaka zake Jairosi walipewa mafiga yao wakaenda zao. Mimi niliolewa na kitinda mimba, ambaye hukaa na mama yake. Mafiga sijapewa. Hajakataa, na wala hajawahi kuyataja.

Mama mkwe wangu ni Chihera. Ndivyo wanavyoitwa wanawake wote wa ukoo wa baba yake, na Mutoko nzima inajua Chihera ni mtu gani: hapindwi, haombi, habishi hodi. Anaingia ninapopika, anafunua chungu, anaonja, anaongeza chumvi. Kila siku. Chumvi yenyewe huwa inatosha.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani. Upepo na vumbi. Leo chumvi ameongeza mara mbili.

Alhamisi, 15 Agosti

Wifi Viola amekuja kutoka Harare na gari lake, na kwenye buti ameleta vipande vinne vya vigae. Yeye ni dada mkubwa wa Jairosi, na dada akisema katika ukoo huu, wanaume hukohoa tu.

Kuta hazina ubishi, bati halina ubishi. Ubishi ni kaunta, pale pa kukatia mboga na kuweka vyungu: juu yake iwe ya nini? Kaunta hiyo itakaa mahali penye chikuva, yaani zile ngazi za udongo zilizojengwa ukutani upande wa ndani kabisa, zikasuguliwa kwa kokoto za mtoni mpaka zinang'aa. Vyungu na sahani hukaa juu yake. Wazee waliokufa husemeshwa mbele yake. Baba mkwe alilazwa hapo tulipomlilia. Kwa hiyo si meza tu.

"Vigae vyeupe," Viola alisema. "Unapitisha kitambaa, umemaliza. Harare kila mtu anavyo."

"Na chungu cha moto?" mama mkwe akauliza.

"Kinawekwa juu ya kibao, mama."

"Na kibao kinawekwa juu ya nini?"

"Juu ya vigae."

"Sasa hivyo vigae vinafanya kazi gani hapo, kama chungu tu vinakiogopa?"

Jairosi akaleta wazo lake la mbao za mninga. Ana mbao tatu nzuri alizozikausha miaka miwili nyuma ya banda la mbuzi. Mama yake akamwambia mchwa watamshukuru sana. Mama mwenyewe anataka udongo, kama ulivyo.

"Na wewe, wifi?" Viola akanigeukia. "Wewe ndiye unayepika."

Kabla sijafumbua mdomo mama mkwe akajibu. "Huyo anapenda kila kitu."

Wakacheka wote, nami nikacheka. Nimechukia mpaka sasa hivi ninapoandika.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekwenda nyumbani kwetu, kwa Sailasi kaka yangu. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, kisha unatembea mpaka mlima uonekane. Kwetu kuna mlima mmoja wa jiwe jeusi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikifungua mlango asubuhi, kitu cha kwanza ni mlima. Siku hizi kampuni inaukata vipande vikubwa, vinapakiwa kwenye malori, vinakwenda ng'ambo. Vyenye kasoro hutupwa kando, na Sailasi amepata ruhusa ya kuvipasua. Ana msumeno wake wa mawe chini ya turubai, na yeye mwenyewe amekuwa wa kijivu kwa vumbi, kope na masikio.

Nilimwambia habari ya jiko. Alinipeleka nyuma, akamwaga debe la maji juu ya bamba moja lililoegemea lori bovu. Likawa jeusi kabisa. Nikajiona ndani yake, kitambaa cha kichwa na yote.

"Lina ufa pembeni, hapa. Nikikata huu, linabaki la urefu wa hatua nne," alisema. "Chungu cha moto haliogopi. Kisu haliogopi. Mchwa wakipanda watavunjika meno."

Niliweka kiganja. Lilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali. Nikajua hapo hapo ninachotaka, na nikajua pia kwamba tangu niolewe sijawahi kutaka kitu katika lile boma nikakisema kwa sauti.

"Nikatie," nilimwambia. "Lakini usilete mpaka nikuite."

Jumapili, 18 Agosti

Nimesema.

Nilipiga magoti mlangoni kama inavyotakiwa, nikapiga makofi ya heshima, nikawaambia mama na Jairosi kwamba kaka yangu ana bamba la jiwe jeusi lisiloogopa chungu cha moto, na yuko tayari kutupatia. Jairosi alifurahi. Akauliza unene wake. Mama mkwe alikuwa anapepeta karanga.

"Jiwe la wapi?"

"La nyumbani, mama. La mlima wetu."

Ungo ukasimama. "Ule mlima walipozikwa babu zako?"

"Walizikwa upande wa pili, mama. Huku ni..."

"Mlima ni mmoja." Aliweka ungo chini. "Mkamwana, hebu nieleze taratibu, mimi ni mzee. Utachukua mlima wa watu wa ukoo wa Nyani, uuweke kwenye chikuva cha watu wa ukoo wa Simba. Halafu siku tukipiga magoti kuwaita wazee wetu, ataitika nani? Nani atakunywa pombe yetu? Nyani?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Naapa sikuwa nimeliwaza. Nilifikiria chungu cha moto, nilifikiria kitambaa na maji, nilifikiria kufungua mlango asubuhi. Nimesoma chuo cha ualimu, lakini jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu angeliona mimi sikuliona. Udongo wa jiko la mume ni wa kwao mume. Hakuna mtu anayebeba mlima wa baba yake na kuuingiza pale wanaposemeshwa wazee wa watu wengine.

"Basi liwe la kukatia mboga tu," nikasema.

"Na chikuva kiwe wapi? Barabarani?"

Nilimtazama Jairosi. Jairosi ana kipaji cha kusikia mbuzi wakimwita kila maneno yanapokuwa makali. Alikwishatoka.

Jumatatu, 19 Agosti

Viola amepiga simu. Alicheka sana, kisha akasema, "Wifi yangu, vigae havina babu."

Jumapili, 1 Septemba

Kwa wiki mbili mama mkwe hajaniambia neno lisilohusu mboga. Mwezi mpya umeanza hivyo.

Alhamisi, 5 Septemba

Fundi Dzingai amebomoa jiko. Nyasi zikashuka, kuta zikashuka, vumbi likafika mpaka kisimani. Alipofika kwenye chikuva akaweka nyundo chini, akavua kofia.

"Hiki mimi sigusi. Kivunjeni nyinyi wenyewe."

Hakuna aliyenyanyuka. Basi kimebaki hapo kikiwa kimesimama peke yake uwanjani, bila ukuta wala paa, na sahani za mama mkwe juu yake. Anajenga kuta kukizunguka. Wapita njia wanasimama kutazama. Napikia chini ya kibanda cha nyasi, moshi wote unanijia usoni.

Jumatatu, 9 Septemba

Shule imefunguliwa. Watoto arobaini na sita. Vitabu kumi na moja.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nimemwona mama mkwe akikisiriba chikuva, pale pale juani, kama mtu asiyejua kwamba jiko limebomolewa. Alinituma udongo wa mtoni. Nilileta ndoo mbili. Aliuchukua kidogo kidoleni, akausugua, akanusa, akaumwaga.

"Si wenyewe."

"Ni ule ule tunaosiriba sakafu, mama."

"Sakafu ni sakafu."

Akarudi kukaa kwenye jiwe, macho yake njiani. Nadhani anamngoja mpwa wake. Kila mwaka kiangazi kikikolea, huyo mpwa huja kutoka kwao, ng'ambo ya mto Nyadire, na gunia moja la karanga. Gunia huingia moja kwa moja chumbani kwa mama na sisi hatujawahi kuonja hata punje. Miaka yote nimemwona mchoyo wa karanga. Mwaka huu mpwa yuko Johannesburg, hatakuja. Alikaa pale mpaka kivuli kikamfikia miguuni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa sababu siku zote imeshika kitu.

Nilimpelekea uji wa maheu. Alikunywa. Hakuuliza nani ametia sukari.

Jumapili, 22 Septemba

Kuta zimefika kiunoni. Joto.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kuta zimekwisha, dirisha limekaa. Bati litafungwa baada ya wiki mbili. Jairosi anasema lazima tuamue kaunta, kwa sababu Novemba ni mwezi wa Mbuzi na katika mwezi wa Mbuzi wazee hawasemeshwi, pombe haimwagwi, jiko jipya haliwezi kufunguliwa. Tusipomaliza Oktoba, tutangoja mpaka Desemba, mimi nikipikia mvuani. Amesema maneno hayo kwa mbuzi wake huku akitutazama sisi.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimerudi kutoka shule nikakuta jiwe uani. Sailasi amepata lori linalopita huku, akaona asingoje niite. Limelazwa juu ya matofali karibu na ghala. Kaka yangu ana moyo mzuri na hana akili kabisa.

Mama mkwe alikuwa amekaa umbali wa hatua tatu, fimbo magotini, analitazama. "Mlima wako umefika," alisema.

Alhamisi, 10 Oktoba

Hakuna neno.

Ijumaa, 11 Oktoba

Lazima niliandike hili ingawa nina madaftari arobaini na sita ya kusahihisha. Nimerudi nikakuta mboga za majani zimetandazwa juu ya jiwe langu, kuanzia mwisho mmoja mpaka mwingine. Majani ya kunde na maboga, yaliyochemshwa na kukamuliwa, yameshakauka kabisa.

"Mama, hizi umeanika lini?"

"Asubuhi."

"Zimekauka leo leo?"

"Jeusi linashika jua." Alikuwa anakusanya majani kikapuni, hanitazami. "Juu ya mkeka ni siku tatu, na kuku wanakula nusu. Nimeona ni jiwe tu, limekaa bure."

Nikasema ni kweli, ni jiwe tu. Nikaingia ndani nikacheka na uso wangu kwenye mto.

Jumanne, 15 Oktoba

Jairosi ameondoka alfajiri na nyanya zake kwenda sokoni Mbare, na mtoto wetu Netsai yuko shule ya bweni, hivyo tulikuwa mimi na mama peke yetu.

Saa tisa alasiri upande wa mashariki ukawa na rangi ya kidonda. Mvua za katikati ya Oktoba si za kutegemewa, huwa zinatisha tu na kupita. Nilikuwa napanga madaftari barazani. Upepo ukaja kwanza, ukabeba kibanda changu cha kupikia, nyasi na fito, ukakitupa kwenye shamba la jirani. Kisha matone, makubwa, yakilia juu ya ndoo. Nikamsikia mama mkwe akiita. Hakuita jina la mtoto wangu kama kawaida, hakusema Mama Netsai. Aliita, "Mwanangu! Njoo! Mwanangu!"

Alikuwa ndani ya zile kuta zisizo na paa, amejilaza juu ya chikuva, amekikumbatia. Kanga yake imelowa, maji yanateremka mgongoni. Sahani zilikuwa zimeanguka. Nilikimbia kuleta lile turubai la kufunikia nyanya, tukalishika mimi upande huu na yeye upande ule, upepo ukawa unatunyang'anya. Nilipanda juu ya ngazi ya kwanza nikalala juu ya turubai kwa tumbo. Mama wa miaka themanini naye akalala upande wake. Tulikaa hivyo uso kwa uso, meno yakigongana, maji yakiingia chini yetu.

Nilihisi udongo ukilegea chini ya magoti yangu. Ngazi ya juu ilikwenda kwanza, taratibu, ikashuka kama uji. Kisha nusu nzima ya upande wake. Akaanguka nayo. Nilimvuta tukakaa chini matopeni, na mvua ikaacha pale pale, jua likatoka. Mvua yote haikuzidi nusu saa.

Mama mkwe alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya mumewe. Alikuwa anakusanya tope kwa viganja na kulirundika, nalo likamponyoka.

Nami nilikuwa natazama tope. Udongo wa huku ni mwekundu, mtu yeyote anajua, sakafu zetu zote ni nyekundu. Ule uliokuwa ndani ya chikuva, chini ya masizi, ulikuwa mweupe wa kijivu, laini, tabaka juu ya tabaka. Nikauchukua kidoleni. Nikausugua kama alivyofanya yeye.

"Mama, huu umetoka wapi?"

Akajifuta pua kwa mkono wenye tope.

"Nyadire," akasema. "Kwetu. Kichuguu cha nyuma ya nyumba ya baba yangu."

Nikautazama tena kidoleni.

"Niliubeba kwenye beseni siku niliyoletwa hapa, chini ya nguo zangu za uharusi. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa naogopa kila mtu. Nikajenga chikuva hiki kwa huo. Na kila mwaka mtu wa kwetu akaniletea mwingine wa kusiriba."

"Karanga," nikasema.

"Karanga."

"Kwa hiyo wazee wa Simba, miaka yote hii..."

"Miaka sitini na miwili. Wamesemeshwa juu ya udongo wa Chihera. Wamekula, wamekunywa, wameitika. Hata mmoja hajalalamika."

Sijui nani alianza kucheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka akishika kifua, tope usoni, meno yake mawili nje. Kisha nikakumbuka Agosti, nikakasirika upya.

"Sasa mbona mimi ulinizuia?"

"Kwa sababu nilijua kabisa unachotaka. Ulipiga magoti pale ukazungumza habari ya chungu cha moto, mimi nikakuona. Ulitaka jiko." Akapangusa tope magotini. "Nikikupa jiko, mimi nitakaa wapi? Wakamwana wengine wamekwenda zao na majiko yao. Mimi nina hili. Siku nikitoka humo nakuwa mgeni katika boma nililolijenga."

Miaka kumi na minne nimedhani ni ubabe. Ilikuwa hofu, na nilikuwa nikila nayo sahani moja kila siku bila kuiona.

Nilimsimamisha, nikamchotea maji ya moto, nikamwogesha mgongo. Alipokuwa anavaa aliniambia nisimwambie mtu.

"Na lile daftari lako pia," akasema. "Usifikiri sijui."

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimepanda basi la kwanza, nikashuka Nyadire, nikauliza nyumba ya baba yake Chihera. Nyumba imebaki msingi tu. Kichuguu kipo. Aliniagiza nisichimbe juu, nichimbe ubavuni, na nisimwambie mtu ni cha nini. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachunga alinitazama nikijaza beseni. Nikamwambia natafuta dawa ya tumbo. Akasema tumbo langu lazima ni kubwa sana.

Nimeingia bomani jioni na beseni kichwani. Shingo imekufa. Jairosi aliuliza ni nini.

"Karanga," mama yake akajibu. Tukaingia nazo chumbani.

Jumanne, 22 Oktoba

Bati limefungwa. Mama na mimi tumejenga chini kwa udongo, wa zamani tuliookota na ule wa beseni, ngazi mbili na bega pana. Alitengeneza yeye, mimi nilikanda. Jiwe litakaa juu ya bega hilo.

"La kwako lije juu," alisema. "Wangu ukae chini. Umezoea kubeba."

Wanaume sita walilinyanyua jiwe, Jairosi na Sailasi mbele. Lilipokaa, Fundi Dzingai akaweka pima maji juu yake, akapiga mluzi. Jairosi alizipatia kazi mbao zake za mninga pia: amezifanya rafu za dirishani. Hakuna aliyemwambia habari ya mchwa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Jiko limefunguliwa leo. Pombe ya siku saba ilikuwa tayari, ukoo mzima ulijaa, Viola viatu vyake vya Harare ameviacha mlangoni. Baba mkubwa Gwatidzo, kaka wa marehemu baba mkwe, ndiye aliyewasemesha wazee. Alipiga magoti mbele ya kaunta, akanyunyiza ugoro, akapiga makofi. Kisha akasita. Akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Jiwe hili ni la wapi?"

Nilikuwa nyuma karibu na mlango, miongoni mwa wakamwana wengine. Viola alinitazama, Jairosi akatazama nje, nadhani akitafuta mbuzi.

"Limetoka kwa wakwe zetu," mama mkwe akasema kwa sauti iliyofika uani. "Tulimwoa binti yao miaka kumi na minne iliyopita. Sasa wametuletea mlima."

Baba mkubwa alilitazama jiwe, akamtazama Sailasi aliyekaa na watani.

"Mlima mzima?"

"Uliobaki wameuacha kwa sababu lori lilikuwa dogo," Sailasi akajibu.

Nyumba ikaangua kicheko. Baba mkubwa akakunja viganja. "Basi tuwapigie makofi. Wazee, msishangae, wakwe wamekuja na zawadi, kaeni nao vizuri." Wakapiga makofi wote, makofi yale ya taratibu, na Viola akaniambia kwa sauti, "Ahsante, Soko!" Ni jina la heshima la ukoo wangu wa Nyani. Katika boma hili lilikuwa halijatamkwa kwa shukrani kabla ya leo, na mimi nililia mbele za watu bila haya.

Udongo wa chini hakuna aliyeuuliza.

Jumapili, 27 Oktoba

Wageni wamekwenda. Mama mkwe aliniita chumbani kwake, akaniambia niiname niangalie chini ya kitanda. Miguu mitatu ya kitanda imesimama juu ya mawe. Mguu wa nne umesimama juu ya tofali.

"Niliyachagua wiki uliyokuja," alisema. "Yamelingana. Nilitembea mpaka mtoni mara nne."

"Umeyalalia miaka kumi na minne, mama?"

"Niliyasikia kila usiku. Toa. Mwambie Jairosi alete matofali matatu."

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ya kweli imeanza tangu alfajiri, ile ya kupandia. Jairosi yuko shambani. Niliwasha moto juu ya mafiga yangu chini ya bomba la moshi, nikakata mboga juu ya jiwe, nikapika mboga kavu za mama kwa siagi ya karanga. Karanga za kweli, za dukani.

Nikasikia fimbo yake ikija uani. Nyayo zikafika mlangoni, nami nikasogea kando kama nilivyozoea ili apate nafasi ya kufikia chungu. Mlango haukufunguka.

"Hodi," akasema.

Nilishika mwiko.

"Hodi, mwenye jiko. Nanyeshewa huku."

Nilimwacha pale kidogo kabla ya kuitika. Kidogo tu, mtu anisamehe. Kisha nikasema karibu mama, nikafungua, nikampa kigoda karibu na moto. Alikaa, akakunja mikono magotini, akatazama kila mahali isipokuwa chungu. Aliuliza habari za watoto wa shule. Aliuliza kama bati linavuja.

Nikachota mboga kidogo kwenye kijiko, nikapiga magoti, nikampa.

"Nionjee, mama. Chumvi inatosha?"

Alionja polepole, macho amefumba.

"Inatosha," akasema. "Umepika vizuri sana."

Nilipoonja mwenyewe, chumvi ilikuwa haipo hata kidogo. Nilikuwa nimesahau kutia.